Solo ya Ijumaa

Walimshukuru mama yake kwa chai.

Mardhiya aliisoma karatasi ile mara tatu, akidhani macho yanamchezea. Lilikuwa jalada la santuri mpya, bado halijapigwa chapa. Juu, kwa herufi nene nyekundu, paliandikwa "Moto wa Makumbi", Bendi ya Vimulimuli, Unguja, 1978. Chini yake ilifuata orodha ya waliopiga. Sauti, ridhimu na solo: Alhaji Amour. Ngoma na besi: marehemu Ubwa. Mitambo: marehemu Bwana Lino. Halafu huko mwisho kabisa, kwa herufi ndogo za kutafutia miwani: "Shukrani kwa Bi Riyama kwa chai na vitafunio."

"Umeandika chai," alisema.

"Na vitafunio," alijibu Abdulwahid, akidhani anakumbushwa.

Mardhiya aliiweka karatasi mezani taratibu, maana angeishika zaidi angeichana, na kuichana kusingemsaidia mtu. Abdulwahid alikuwa na nakala nyingine kwenye kompyuta.

Abdulwahid alikuwa mtu wa miaka thelathini na tano, mzaliwa wa Kiembe Samaki, aliyekodi chumba cha juu huko Kiponda akakijaza mashine za kusafishia nyimbo za zamani. Hakuwa mtu mbaya. Ugonjwa wake ulikuwa kumwamini kila mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri, na kanzu za Alhaji Amour zilikuwa karibu zisimame zenyewe.

"Nani kakupa orodha hii?"

"Alhaji mwenyewe. Ndiye pekee aliyebaki hai, Ustadha."

"Mama yangu yuko hai."

"Naam, lakini yeye alikuwa..." Abdulwahid akaitazama karatasi.

Mardhiya alikuwa mwalimu wa tajwidi, usomaji sahihi wa Kurani. Asubuhi na alasiri aliwafundisha wasichana wa Mpendae kutenganisha ha na kha, sini na swadi, na sikio lililozoea kazi hiyo halipumziki likirudi nyumbani. Starehe yake ilikuwa nyimbo za magitaa, hasa zile zilizotoka zaidi ya mara moja. Majirani walimwita Ustadha wa Magitaa wakacheka, naye aliwaacha wacheke. Watu wengi hudhani wimbo ukishatoka umetoka. Si kweli. Wimbo hutoka mara mbili, mara tatu, na kila ukitoka kuna kilichopunguzwa na kilichoongezwa, na aghalabu mwenyewe haulizwi. Mjomba wake, huyo marehemu Ubwa, alimwachia sanduku zima la santuri za roki za Kizungu, na Mardhiya alizijua moja moja. Katika hii mpiga ngoma anaangusha fimbo mwishoni. Katika ile iliyotolewa nchi nyingine fimbo imefutwa. Huku mwimbaji anakohoa kabla ya ubeti wa tatu. Kule kikohozi hakipo. Vitu kama hivyo vilimfurahisha kuliko harusi.

"Moto wa Makumbi" hakuhitaji hata kuufikiria. Toleo la kwanza ni santuri ndogo, dakika tatu na kidogo. Solo yake ni fupi, inachapwa kwa risha, kile kibapa cha kuchapia nyuzi, juu chini, juu chini, imenyooka na haina chumvi. Toleo la pili ni kaseti iliyotoka miaka miwili baadaye, mfanyabiashara mmoja wa Darajani alipomwendea Bwana Lino, fundi Mgoa aliyeurikodi, akamwomba utepe mzima. Hapo wimbo una dakika tano na solo ni nyingine kabisa. Inapigwa kwa vidole, bila risha. Uzi unavutwa mpaka unalia, unaachiwa, unavutwa tena. Hiyo ndiyo solo watu waliyoipenda. Hiyo ndiyo iliyompeleka Amour Mombasa na Muskati, ikampa jina la baba wa roki ya Unguja, na kila alipoulizwa na watu wa redio alisema siku ile alikuwa na moto wa ajabu vidoleni.

Moto wa ajabu! Mardhiya alikuwa akiyasikia maneno hayo anasonya mpaka mate yanamkauka. Miaka mitatu nyuma, mjomba Ubwa akiwa kitandani kwake Uroa katika siku zake za mwisho, alimshika mkono akamwambia, "Gitaa lile la kaseti, yule mama yako. Mie nlimfundisha, akanipita. Sisi siku ile hatukuwepo chumbani." Mardhiya alirudi mjini mbio kumuuliza mama yake. Bi Riyama alijibu kwamba Ubwa alikuwa anaweweseka kwa homa, akaingia jikoni, akafunga mlango.

"Solo ile kapiga mama yangu," Mardhiya alimwambia Abdulwahid.

Abdulwahid alikuna ndevu. "Ustadha, mie nakuheshimu. Lakini maneno ya marehemu siwezi kuyachapa, na mama mwenyewe nlipomuuliza alinambia yeye alipika chai tu. Jumatatu jalada linakwenda kiwandani. Ukiniletea ushahidi kabla ya hapo, ntabadilisha. Baada ya hapo ndo basi tena."

Alikuwa amepanga kikao siku ya Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa Vuga. Wapenzi wa nyimbo za zamani wangekaa, matoleo yote mawili yapigwe, watu watafute tofauti, na Alhaji Amour awape habari za siku zile. Bi Riyama naye alikuwa amealikwa. Angepewa doti ya kanga na cheti.

"Cheti cha nini?"

"Cha..." Abdulwahid alitafuta neno. "Cha ukarimu."

Mardhiya aliondoka bila kuaga. Kwenye simu yake alikuwa na toleo la kaseti lililosafishwa, ambalo Abdulwahid alimtumia ili amwandikie tofauti za kutia kwenye kijitabu, pamoja na kurasa za kijitabu chenyewe. Alishuka ngazi za Kiponda akitukana kimoyomoyo, matusi ambayo wanafunzi wake wasingeamini kwamba anayajua.

Siku ya pili, Alhamisi, wasichana walipokwisha kutoka madrasa, alibaki peke yake juu ya mkeka, akatia spika masikioni. Alisikiliza mara ya kwanza kwa hasira tu, bila kusikia kitu. Mara ya pili aliona kazi ya Abdulwahid ni nzuri. Ule mvumo wa kaseti uliofunika wimbo miaka yote ulikuwa umeondoka. Mara ya tatu, solo ilipoanza, alisikia kitu chini ya gitaa.

Ilikuwa sauti ya mtu. Si mwimbaji. Ilikuwa mbali, ikipanda na kushuka, na kunguru wawili watatu wakipiga kelele juu yake. Mardhiya alirudisha nyuma, akabana spika kwa viganja. Akapata ayni moja, nzito, iliyotoka kooni kama inavyotakiwa itoke. Akapata madda, ile irabu inayovutwa, baada yake. Halafu maneno yakajipanga yenyewe kichwani, kwa sababu alikuwa akiyasikia tangu mdogo kila wiki. Yule alikuwa khatibu. Alikuwa anasoma aya ya uadilifu, ambayo makhatibu huimalizia hotuba ya pili ya Ijumaa kabla ya swala kukimiwa.

Alifungua kurasa za kijitabu. Maneno ya Alhaji yalikuwa ukurasa wa nne. "Tulirikodi siku mbili, Alhamisi na Ijumaa. Siku ya Ijumaa, adhana ilipolia tuliweka vyombo chini sote tukaenda msikitini, mimi nikiwa mbele yao. Ijumaa haijanipita tangu nilipobaleghe."

Mardhiya alicheka peke yake ndani ya madrasa tupu, kicheko kisicho na furaha hata chembe. Basi nani alikuwa anapiga gitaa khatibu akiwa juu ya mimbari? Wanaume wa Vimulimuli walikuwa wamekaa safu ya mbele na baba yao wa roki. Bwana Lino, Mkristo wa watu, alibaki na mashine zake. Na chumba kile cha kurikodia kilikuwa ghorofani katika nyumba ya babu yake Mardhiya, iliyotazamana na msikiti, na binti wa nyumba hiyo alikuwa na miaka ishirini.

Alimkuta mama yake uani anachambua mchele kwenye ungo.

"Mama, nimepata ushahidi."

Mkono wa Bi Riyama ulisimama. "Nshakwambia uliache jambo hilo."

"Sikiliza mara moja tu. Mara moja, mama, dakika mbili."

"Sisikilizi."

Hakuwa anatia maneno chumvi. Bi Riyama hakuwahi kuusikiliza wimbo ule tangu utoke kwenye kaseti. Ukianza redioni alinyoosha mkono akazima. Ukipigwa harusini alitafuta viatu vyake. Mardhiya alikua akidhani mama yake anachukia magitaa, mpaka siku alipomwona, akidhani hatazamwi, anacheza vidole vya mkono wa kushoto juu ya mpini wa ufagio.

"Wewe unanitakia jina," alisema Bi Riyama. "Mie jina ninalo. Nimelitunza mpaka nna mvi. Usilichokonoe."

"Watakupa cheti cha chai, mama! Chai!"

"Ntakipokea. Chai si haramu."

"Na yule mzee mwongo atakaa pale apigiwe makofi kwa vidole vyako!"

"Vidole vyangu mie, siyo vyako. Nipishe, unanizibia mwanga."

Mardhiya alitoka uani. Alimkasirikia mama yake kuliko alivyomkasirikia Amour, na hilo lilimtia hasira zaidi, kwa sababu hasira ile alikuwa ameiweka kwa ajili ya Amour peke yake. Alikuwa na siku mbili. Aliamua kwamba akimngoja mama yake akubali, jalada litachapwa, litauzwa, litazeeka, na chai itabaki pale pale.

Jumamosi baada ya swala ya alasiri ukumbi ulijaa. Watu kama sitini, wengi wao wenye mvi. Bi Riyama alikaa kiti cha pembeni safu ya pili, kajifunga buibui lake vizuri, mkoba juu ya magoti. Alhaji Amour aliingia na bakora yake na kofia ya viua iliyodariziwa kwa mkono, akapeana mikono na kila mtu.

"Shikamoo, Alhaji," alisema Mardhiya, meno yamekutana.

"Marahaba, mwanangu. Mama nimemwona, mashaallah. Chai yake ile, wallahi, mpaka leo naikumbuka."

Abdulwahid alianza na santuri, halafu kaseti. Watu walifurahi. Mmoja alipiga kelele kwamba besi imechelewa kuingia ubeti wa pili kwenye santuri, na kwenye kaseti imewahi. Mwingine alisema mwishoni mwa kaseti kuna mtu anasema "haya" na kwenye santuri hayupo. Ilikuwa raha tupu, na siku nyingine yoyote Mardhiya angekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Hatimaye mzee mmoja aliuliza ilikuwaje solo zikatofautiana kiasi kile.

Alhaji Amour alitabasamu, akaegemea bakora. "Ile ya santuri tulirikodi Alhamisi, nlikuwa nimechoka. Hii ya kaseti ni ya Ijumaa. Kuna siku vidole vinajiendea vyenyewe, yakhe."

Watu wakapiga makofi. Mardhiya akasimama.

"Alhaji, samahani. Ijumaa wakati gani? Kabla ya swala au baada yake?"

"Kabla. Asubuhi. Baada ya swala tulikula tukatawanyika."

"Huna shaka?"

"Mwanangu, mie nlikuwepo. Wewe hujazaliwa."

Watu wakacheka. Mardhiya aliwangoja wamalize. "Abdulwahid, turudishie solo ya kaseti. Nakuomba ulipunguze gitaa mpaka lisikike kwa mbali, na hicho kilichobaki ukipandishe."

Abdulwahid hakujua anatafutiwa nini, lakini alipenda kuonyesha mashine zake zinaweza nini. Akagusa hapa, akagusa pale. Gitaa likarudi nyuma. Kunguru wakatokea. Halafu, kutoka kwenye spika mbili kubwa, ikaja sauti ya mtu mzima anayesoma, na ukumbi mzima ukanyamaza kwa adabu kabla haujajua kwa nini umenyamaza.

"Yule khatibu wetu!" alisema mzee wa safu ya mbele. "Mungu amrehemu. Ile hotuba ya pili, anamalizia!"

"Naam," alisema Mardhiya. "Hotuba ya pili. Ijumaa, mchana, khatibu yuko juu ya mimbari, na chini yake solo inapigwa. Sasa nnamuuliza Alhaji, mbele yenu nyote. Umeandika kwenye kijitabu kwamba Ijumaa haijakupita tangu ubaleghe. Basi chagua. Ama siku ile ilikupita, ukakaa unapiga gitaa khatibu akihutubu. Ama ulikuwa msikitini, na solo hii hukuipiga wewe. Moja katika mawili. La tatu hakuna."

Tabasamu la Alhaji lilikaa usoni bila kazi kwa muda, halafu likaondoka. Aligeuza shingo akawatazama wazee wenziwe, wale anaokaa nao safu moja kila Ijumaa. Walikuwa wanamtazama. Mmoja wao alikuwa ameinua nyusi.

"Nlikuwa msikitini," alisema hatimaye.

"Basi solo nani kapiga?"

"Unataka niseme?"

"Sema!"

"Haya." Sauti yake ilibadilika, ikawa ndogo na kali. "Kapiga mama yako. Umefurahi? Sasa malizia mwenyewe, waambie na watu alikuwa na nani. Chumba kile kikirikodiwa kinafungwa. Magodoro kuta zote, mablanketi mlangoni, hata inzi hapiti. Wanaume wote tuko msikitini. Msichana wa miaka ishirini na yule Mgoa, peke yao, mlango umefungwa, saa nzima. Mie nimemsitiri mama yako miaka arobaini na saba, na leo unaniletea kesi!"

Ndipo Mardhiya alipofahamu. Mlango wa jikoni, mkono unaozima redio, "jina ninalo", yote aliyoyaita woga na ukaidi. Mama yake alikuwa amekaa juu ya jambo hili umri mzima lisichungulie nje, na yeye, binti yake, mwenye masikio yake ya sifa, kalivuta kaliweka katikati ya ukumbi mbele ya watu sitini. Alitamani kumrukia yule mzee amtoe kofia. Alitamani pia ardhi ipasuke.

Aligeuka kumtazama mama yake. Bi Riyama hakuwa anamtazama yeye wala Amour. Alikuwa anaitazama spika.

"Abdulwahid, mwanangu," alisema. "Irudishe."

"Bi Riyama, labda tupumzike kidogo..."

"Irudishe hapo penye khatibu. Sijaisikia vizuri."

Abdulwahid akairudisha. Bi Riyama alisikiliza kainamisha kichwa upande mmoja, mkono mmoja umeshika mkoba. Kunguru. Khatibu. Gitaa kwa mbali, uzi unavutwa na kuachiwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuusikia wimbo ule tangu kaseti ile itoke, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma barua iliyochelewa.

"Sasa niwekee ile santuri. Ya Alhamisi. Fanya hivyo hivyo, gitaa lirudi nyuma."

Akaiweka. Gitaa lilirudi nyuma, na nyuma yake hakukuwa na kitu. Hakuna mtu, hakuna ndege, hakuna mji.

Bi Riyama akasimama. Hakuwa mrefu, na hakupaza sauti.

"Nnawauliza nyie mnaotafuta tofauti. Kunguru siku ya Alhamisi hawakuwepo Unguja?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia.

"Walikuwepo. Tena darini kwetu walikuwa wamejaa tele. Hawasikiki kwa sababu mlango umefungwa, kama alivyosema Amour, na mablanketi na magodoro. Na siku ya Ijumaa kunguru wanasikika, na khatibu anasikika, mpaka ayni yake inasikika. Kaingilia wapi? Kapenya kwenye magodoro?" Alimgeukia Abdulwahid. "Wewe fundi. Mlango ukifungwa, sauti ile ingeingia?"

Abdulwahid alitazama mashine zake, kisha akamtazama Alhaji. "Isingeingia, Bi Riyama. Hivyo inavyosikika, mlango ulikuwa wazi."

"Ulikuwa wazi, na niliufungua mie kwa mkono wangu. Bwana Lino alisema sauti za nje zitaharibu. Nkamwambia acha ziharibu, mie sifungiwi mlango na mwanamme. Akacheka, akasema sawa, piga basi juu ya utepe wa asubuhi, tujaribu mashine. Mama yangu alikuwa nje hapo hapo kwenye ngazi anapepeta, ananiona nnamwona. Kupiga gitaa khatibu akihutubu, hilo ni langu na Mola wangu, nshatubia na nnaendelea kutubia. Lakini la mlango, hapana. La mlango hamnipi."

"Mama," alisema Mardhiya.

"Nyamaza wewe. Wewe ntakuja kwako, usidhani nimekusahau."

Mardhiya akakaa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujua ni ya nini.

"Amour," alisema Bi Riyama, na watu wakatazamana, kwa sababu hakuna aliyemwita mzee yule jina tupu tangu arudi Makka. "Siku ile uliporudi msikitini, Bwana Lino akawapigia utepe, ukausikia. Ukanifuata ngazini. Ulinambiaje?"

Alhaji akarekebisha kofia yake.

"Ulinambia, 'Ukisema ni wewe, watu watauliza ulikuwa na nani, na hakuna atakayekuamini.' Nlikuwa na miaka ishirini. Nkakuamini wewe. Nkawa nazima redio. Nyumbani nazima, kwa watu nazima, mwanangu akitaka kunisikilizisha namfukuza." Hapo sauti yake ilipasuka, na kilichotoka hakikuwa kilio, ilikuwa ghadhabu iliyokosa pa kupita miaka yote ile. "Miaka arobaini na saba! Na kumbe shahidi wangu yumo humo humo ndani ya wimbo, anasema kila siku, Unguja nzima inamsikia, na wa kumziba mdomo ni mie mwenyewe! Umenifanya nimzibe mdomo shahidi wangu mwenyewe, Amour!"

Mzee wa safu ya mbele alisema, "La haula," kwa sauti ya chini. Kiti kikalia. Alhaji Amour alikuwa ameishika bakora yake, anajiinua. Alijaribu kutengeneza uso wa mtu mwenye shughuli.

"Nna miadi," alisema. "Haya tutayazungumza kifamilia, siku nyingine, kwa utulivu."

"Kaa kitako."

"Riyama..."

"Abdulwahid, weka kaseti tangu mwanzo. Wimbo wote. Sauti juu."

Abdulwahid hakumtazama Alhaji kuomba ruhusa. Ngoma za marehemu Ubwa zikaingia, halafu besi, halafu sauti ya Amour mwenyewe akiwa kijana, na madirisha ya ukumbi yakatetemeka. Alhaji alibaki nusu kasimama, mkono kwenye bakora, anautazama mlango uliokuwa hatua kumi mbele yake.

"Kaa, Amour," alisema Bi Riyama, bado kasimama. "Solo yangu bado haijafika."